Vichupa vya Machozi na Swali la Kusudi

Katika makaburi ya enzi ya Dola ya Rumi, tangu Shamu hadi Uingereza, hupatikana vichupa vidogo vya kioo vyenye shingo nyembamba na mdomo uliopanuka, ambavyo wakusanyaji wa vitu vya kale wa Ulaya walivipa jina la vichupa vya machozi, wakiamini kwamba waombolezaji walivikinga shavuni walipolia, kisha wakavizika pamoja na maiti. Dhana hiyo ilitiwa nguvu na Zaburi ya 56, ambamo mwombaji anamsihi Mungu ayahifadhi machozi yake katika chombo ambacho Biblia ya Kiswahili hukiita chupa. Lakini neno la Kiebrania lililomo humo, *nod*, ni kiriba, yaani mfuko wa ngozi wa kuwekea maji, maziwa au divai.

Umri wa kichupa husomeka mwilini mwake. Kile cha kale zaidi kilijengwa juu ya kiini cha udongo kilichokwanguliwa baadaye, ilhali kupuliza kioo kwa bomba kulianza katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, pwani ya mashariki ya Mediterania, na viputo vya hewa vilivyorefuka shingoni ni alama ya pumzi hiyo. Rangi, kinyume na wadhaniavyo wengi, ni shahidi dhaifu: kijani-buluu hutokana tu na chuma kilichomo mchangani, na buluu iliyokolea hutokana na kobalti, ambayo mafundi wa zama nyingi waliitumia. Hata ule mng'ao wa upinde wa mvua unaopendwa na wanunuzi ni maradhi ya kioo, kwa kuwa unyevu wa ardhini umekibabua tabaka kwa tabaka.

Aristotle alitofautisha sababu nne za kitu: mada, umbo, mtendaji aliyekifanya, na kusudi ambalo kwa ajili yake kipo. Kichupa hukiri tatu za kwanza kikihojiwa vyema. Ya nne hakiibebi peke yake, kwani imo pia katika mkono ulioinamisha shingo ile. Msomaji wa Pwani ana mfano karibu, nao ni mrashi, ambao marashi yake ya mawaridi hunyunyiziwa wageni arusini, na marashi hayo hayo hutiwa kwenye sanda.

Uchunguzi wa kikemia umeonyesha mabaki ya mafuta na utomvu katika baadhi ya vichupa, jambo ambalo halitoshi kuyaondoa machozi, maana chozi likikauka huacha chumvi kidogo tu, nayo huyeyushwa na unyevu wa kaburi. Kinachoikanusha dhana ile ni vichupa vya namna hiyo hiyo vilivyopatikana katika nyumba za Pompeii, ambako watu walikuwa wakijipaka manukato kama siku zote, kabla ya mlima Vesuvius kulipuka mwaka 79.