Je, Siri ya Nyumba Iambiwe Mashine?

Swali tunalolitazama safari hii wazazi wetu hawakuulizwa. Wao waliuliza kama yafaa mke kumweleza dada yake mambo ya nyumbani, au mume kuyapeleka kwa rafiki zake. Siku hizi yuko msikilizaji mwingine. Ni ile programu iliyo ndani ya simu, inayojibu kwa maneno kama ya mtu, usiku na mchana, bila kuchoka. Mume aliyechukua mkopo wa ushirika bila mkewe kujua, na fedha zikapotea katika biashara, huiandikia hiyo. Mke aliyenyamaza wiki mbili kwa sababu ya neno moja lililomchoma, huimiminia hiyo yote yaliyo moyoni. Je, hilo ni kosa? Na kama si kosa, mbona mtu huigeuza simu kifudifudi mwenzake anapoingia chumbani?

Wako watakaosema huu ni upuuzi mtupu, kwani mashine ni mashine, na hakuna aonaye wivu kwa redio. Wengine watasema ni uzinzi wa moyo. Kabla ya kushika upande wowote, hebu tutazame waliyoyaona watu waliolichunguza jambo hili, maana uchunguzi wenyewe una miaka karibu sitini.

Mashine iliyosikiliza

Mwaka 1966 mtaalamu wa kompyuta aitwaye Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha habari za programu aliyoipa jina ELIZA. Mtu aliketi mbele ya taipureta iliyounganishwa na kompyuta, akaandika, nayo kompyuta ikamjibu. Programu hiyo iliiga namna ya daktari wa nafsi ambaye humrudishia mgonjwa maneno yake mwenyewe ili azidi kusema. Tuseme mtu ameandika kwamba mume wake hamjali. Programu ilitafuta neno ililofundishwa kulitambua, ikageuza "wangu" kuwa "wako", kisha ikamrudishia swali. Akitaja mama, ilimwomba aeleze zaidi habari za jamaa yake. Isipopata neno inalolitambua, ilimwambia tu aendelee. Haikuelewa chochote. Haikujua mume ni nini, wala machozi ni nini.

Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Weizenbaum alieleza jambo lililomshtua. Karani wake alikuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi mingi, na alijua vizuri kwamba ni programu tu. Siku moja alianza kuzungumza nayo. Baada ya kubadilishana nayo maneno machache, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani.

Tusimcheke mama huyo. Hakudanganywa na mtu. Alijua, na hata hivyo moyo wake ulifanya yale ambayo mioyo yetu sote imeyazoea. Anayekuuliza habari zako na kungoja jibu, moyo humhesabu kuwa mtu.

Kwamba hilo si udhaifu wa mtu mmoja kulionyeshwa na Byron Reeves na Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliotoa kitabu juu yake mwaka 1996. Katika jaribio mojawapo, watu walifundishwa jambo fulani na kompyuta, kisha wakaulizwa kama kompyuta hiyo ilifanya kazi vizuri. Waliojibia katika kompyuta ileile waliisifu zaidi kuliko waliojibia katika kompyuta nyingine au kwenye karatasi. Walikuwa wakiionea haya, kama vile mgeni anavyosifu chakula mbele ya mpishi. Walipoulizwa kama mtu anaweza kuifanyia kompyuta adabu, walikana.

Mbona ni rahisi kuiambia?

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2014 na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, latugusa zaidi. Watu walihojiwa juu ya maisha yao na sura ya mtu iliyoonekana katika kioo cha kompyuta. Baadhi waliambiwa kwamba sura hiyo inaendeshwa na kompyuta yenyewe. Wengine waliambiwa kwamba nyuma yake yuko mtu anayeiendesha. Wale walioamini kuwa hakuna mtu walikuwa na hofu ndogo zaidi ya kujieleza, na huzuni yao ilionekana wazi zaidi. Wale walioamini kuwa yuko mtu walijizuia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Twaiambia mashine kwa sababu hakuna mtu pale. Haitalia. Haitakasirika. Haitatukumbusha kosa hilo miaka mitano baadaye mbele ya wakwe. Neno tunalolitupa huko haliangukii moyo wa mtu yeyote. Kwa mume au mke ni tofauti. Neno langu linaweza kumuumiza, kumkosesha usingizi, kubadili namna anavyonitazama. Ile hofu inayokaza koo kabla ya kusema, "Mama watoto, kuna jambo sijakueleza," si ishara kwamba ndoa imeharibika. Ni ishara kwamba mbele yangu yuko mtu hai.

Sasa tazameni mume yule wa mkopo. Akiiandikia mashine, itamjibu kwa upole, pengine itampa mashauri mazuri ya kupanga malipo. Atalala akiwa na nafuu kifuani. Lakini kesho karo ni ileile, deni ni lilelile, naye analibeba peke yake. Akimwambia mkewe, huenda usiku huo usiwe na amani. Lakini tangu saa hiyo deni lina watu wawili. Kuna mwingine wa kupunguza matumizi, wa kuuza maziwa ya jioni, wa kwenda pamoja naye ofisi ya ushirika. Mashine hupunguza uzito wa kifua, bali mzigo wenyewe haiugawi.

Tena mashine haiwezi kusamehe. Anayesamehe ni yule aliyekosewa. Mume aliyemkosea mkewe akaungama kwa simu, kisha akajiona amepata amani, amepata amani isiyo yake. Ni kama mtu aliyemlipa jirani deni analodaiwa na ndugu yake. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona kubwa. Yale aliyopaswa kuyapeleka kwa mwenzake yameisha njaa kabla ya kufika mezani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ndoa nayo haizai kitu pale ambapo kila mmoja amepata mahali pengine pa kujivua.

Msikilizaji wa upande mmoja

Liko jambo la pili. Mashine humsikia mmoja tu. Hata mzee wa ukoo asiyejua kusoma anajua kwamba kesi haikatwi kabla ya kumwita wa pili. Na programu hizi za sasa zina udhaifu wake. Katika kuzitengeneza, watu huonyeshwa majibu na kuulizwa lipi ni zuri zaidi, nazo hurekebishwa kufuata hukumu hiyo. Kwa kuwa sisi binadamu tunapenda jibu linalokubaliana nasi, programu nazo hujifunza kukubali. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilibidi kuondoa mabadiliko iliyoyafanya katika programu yake ya ChatGPT siku chache tu kabla, kwa sababu yaliifanya iwe na kusifu na kubembeleza kupita kiasi. Basi mke aliyeudhika akiuliza kama ana haki ya kuudhika, upo uwezekano mkubwa ataambiwa anayo. Mumewe katika chumba cha pili akiuliza swali hilohilo, naye ataambiwa anayo. Watakutana asubuhi kila mmoja ameshika hukumu yake mkononi.

Siri yenyewe nayo ina wenyewe. Ugonjwa wa mwenzako, aibu ya ujana wake, udhaifu aliokueleza gizani, havikuwa vyako peke yako hata uvitoe. Maneno unayoandika husafiri hadi kompyuta za kampuni iliyo mbali, na mara nyingi huhifadhiwa. Weizenbaum alipodokeza kwamba angeweza kuyahifadhi mazungumzo yote ya ELIZA ili ayachunguze, watu walimshutumu kuwa anataka kupeleleza mambo ya ndani ya mioyo yao. Watu wale walikuwa na busara ambayo sisi tumeanza kuipoteza.

Basi, ni kosa?

Nasema hivi. Kuiandikia mashine yale yaliyokusonga, ili uyapange kabla ya kuyasema, si kosa. Watu wamekuwa wakiandika barua na kuzichana, na barua iliyochanwa imeokoa nyumba nyingi. Kosa huanza pale mashine inapoacha kuwa daraja la kukufikisha kwa mwenzako na kuwa kituo chako cha mwisho. Hati ya Vatikani juu ya akili bandia, iitwayo Antiqua et nova, iliyotolewa Januari 2025, inaonya kwamba mashine isionyeshwe kamwe kana kwamba ni mtu. Onyo hilo latuhusu nasi. Siku ile mbele ya padre na mashahidi hatukuahidi kuwa na mtu wa kutuliwaza tu. Tuliahidi kuwa pamoja katika taabu na raha. Kifaa hakiwezi kutimiza ahadi hiyo kwa niaba yetu.

Kila mmoja ajiulize maswali matatu. Kwanza, je, niliyoyaandika huko nimeyaleta nyumbani, au yameishia huko? Pili, je, mwenzangu akisoma maneno yale nitaona haya kwa sababu ya namna nilivyomsema? Tatu, je, ninapoumia sasa, ni nani ninayemkimbilia kwanza? Anayejibu swali la tatu kwa kutaja simu hahitaji kuhukumiwa, lakini anahitaji kugeuka.

Yuko mmoja nisiyemweka katika hesabu hii. Ni yule anayepigwa au kutishwa nyumbani mwake. Kama mashine ndiyo ya kwanza kusikia neno hilo, sitamlaumu, kwa maana kulitamka tu ni hatua. Lakini asiishie hapo. Mashine haiwezi kumfungulia mlango usiku. Amtafute mtu mwenye mlango: dada, jirani mwema, mshauri wa parokia, hospitali, polisi.

Kwa wewe uliyeachwa nje

Nimesema mengi kwa anayeandika. Sasa niseme na mwenzake, yule aliyegundua kwamba mumewe au mkewe anaiambia simu yale asiyomwambia yeye. Najua inauma. Lakini kabla ya kuinyakua simu, jiulize ELIZA ilikuwa na nini. Haikuwa na akili wala huruma. Ilikuwa na mambo matatu tu: haikukatiza maneno, ilirudia uliyosema, na ilikuomba uendelee. Kwa hayo matatu tu, mtu mzima aliomba mlango ufungwe. Jiulize basi, ni lini mara ya mwisho ulimwacha mwenzako amalize sentensi? Mara ngapi amesema, "Baba watoto, nimechoka," ukamjibu kwa kuhesabu uchovu wako wewe? Huenda hakukukimbia. Huenda alibisha kwako kwanza, asifunguliwe.

Jambo hili lina dawa, nayo haihitaji fedha. Wekeni simu zote mbili mahali pamoja wakati wa chakula cha jioni, na watoto wakiisha kulala mkeane robo saa. Mmoja aseme, mwingine asikilize bila kujitetea, hata kama anasemwa yeye. Kisha mbadilishane zamu. Mwanzoni itakuwa kama kazi ya shule. Msiache. Na aliye na jambo zito asingoje apate maneno mazuri, maana hayatapatikana. Aanze na alichonacho, hata kama ni, "Nina jambo, nami naogopa kukuambia."

Naye msikilizaji afanye kwanza yale ambayo hata ELIZA iliweza: asikatize, amwombe mwenzake aendelee. Kisha afanye ambalo hakuna programu, ya mwaka 1966 wala ya leo, inayoliweza. Mwenzake akiisha kusema, aulize, "Sasa sisi tufanye nini?" Na asubuhi aamke aanze kulifanya.