Chombo Kijipigacho Chenyewe

Je, sauti iliyowekwa ndani ya kompyuta tangu Jumamosi jioni yaweza kuwa sala ya watu waliokusanyika Jumapili asubuhi? Kinanda cha umeme tumekwisha kukizoea makanisani. Sasa zafuata programu za muziki, pamoja na vile vinanda bubu ambavyo mafundi huviita vidhibiti vya MIDI. Vijana wachanga fedha vinunuliwe, wazee wanung'unika, na sisi mapadre mara nyingi twanyamaza. Yatupasa kusema neno.

Kwanza tusifu kinachostahili sifa. MIDI ni lugha ya vyombo, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1983 kwa juhudi za Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, ili chombo cha kiwanda kimoja kisikilizane na cha kiwanda kingine. Lugha hiyo haichukui sauti hata moja. Kidole kikigusa, kinanda bubu hupeleka habari tu: ufunguo huu umebonyezwa, kwa nguvu ya daraja fulani katika daraja 127, kidole kikiondoka, hupeleka habari kwamba umeachwa. Kompyuta ndiyo itoayo sauti. Basi hapo mtu yupo. Akisitasita, chombo husitasita naye. Akigusa kwa upole, hulia kwa upole. Dhamiri haina neno juu ya hayo.

Lakini programu hiyo hiyo yaweza kuhifadhi wimbo mzima, ngoma na besi na hata sauti nne za waimbaji, ikaupiga kwa kubonyezwa kitufe kimoja. Hapo ndipo penye shida. Mwanamuziki akifanya hivyo jukwaani, waliolipa kiingilio watauliza kama wamedanganywa, nao wana haki ya kuuliza. Kanisani jambo ni zito zaidi, kwa kuwa tunachotoa si burudani bali ni sadaka, na sadaka haitolewi na asiyekuwapo.

Kanisa lililiona jambo hili mapema. Maagizo ya tarehe 3 Septemba 1958 juu ya muziki mtakatifu yalikataza kabisa mashine zijiendeshazo, kama santuri na vinasa sauti, zisishike nafasi ya waimbaji wala kuwategemeza. Mwaka 1973 maelekezo juu ya Misa pamoja na watoto yaliufungua mlango kidogo, kwa kufuata taratibu za maaskofu. Wala msidhani katazo lile lilitokana na hofu ya umeme: maagizo yale yale ya 1958 yaliivumilia ogani ya umeme, na vipaza sauti yaliviruhusu.

Fikirini yanayotokea. Wimbo uliohifadhiwa haumngoji mtu. Padre hajamaliza kufukiza ubani, nao umekwisha. Watu wameguswa na ubeti na wangependa kuurudia, nao wasonga mbele. Bibi aliyezoea kuimba taratibu huachwa nyuma, na baada ya Jumapili chache hufunga kinywa. Umeme ukikatika (na nani Dodoma asiyeyajua hayo?) kwaya hubaki ikitazamana, kana kwamba Mungu naye amezimika.

Mwalimu wa kwaya wa kigangoni atatujibu: "Sina mpiga kinanda. Je, si afadhali kompyuta kuliko ukimya?" Hoja hii ina uzito, nasi hatumdharau mtu ahangaikaye hivyo bila ujira. Lakini ukimya anaousema haupo. Tuko Ugogo! Watu wa nyanda hizi walijua kuimba kwa sauti nyingi zinazopatana, kwa zeze na ilimba na makofi, na wanawake kwa ngoma zao za muheme, kabla kinanda chochote hakijafika. Kumbe analinganisha kompyuta na makofi ya watu wake, naye ayaonea haya. Haya hiyo ndiyo inayohitaji dawa, wala haiuzwi dukani.

Hatusemi kwamba kompyuta na ilimba ni maadui. Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, alitoa albamu iitwayo Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook, Mkanada mwenye kutumia vyombo vya umeme, wala sauti yake haikumezwa. Lililo muhimu ni nani amfuata nani. Programu nyingi, zikifunguliwa tu, huigawa ngazi ya muziki katika hatua 12 zilizo sawa. Ilimba haizijui hatua hizo. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika, ameeleza kwamba ngazi ya Kigogo yafuata zile sauti za asili zitokazo katika uzi mmoja unaotikisika. Programu nazo nyingi zaweza kupangwa upya zifuate ilimba; ni kazi ya subira, kijana akiketi karibu na mzee na kusikiliza ulimi mmoja mmoja wa chombo chake. Asipofanya hivyo kabla ya Misa, mzee ndiye atakayeambiwa mbele ya watu kwamba ilimba yake imeharibika.