Mkongwe wa Miaka Ishirini na Tatu

Kwa Kiswahili tulichokulia, mkongwe ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Neno lenyewe lina kiti ndani yake: ukimwita mtu mkongwe, umeshamwonyesha pa kukaa. Ndiyo maana nilishtuka nilipoanza kufuatilia michezo ya kompyuta ya kulipwa na kukuta neno hilo wamebandikwa vijana wa miaka 24, vijana ambao huku kwetu bado wangetumwa dukani.

Tarehe 3 Juni 2020, Jian Zihao, Mchina ambaye mashabiki wa League of Legends wanamjua kwa jina la Uzi, alitangaza kwamba anastaafu. Alikuwa na miaka 23. Alianza kucheza kwa kulipwa akiwa kijana mdogo wa miaka 15. Katika tangazo lake alieleza kuwa miaka mingi ya msongo, ulaji usio na mpangilio na kukesha ilikuwa imemletea kisukari aina ya pili, na mkono wake ulikuwa umeumia. Mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika akifika 60. Uzi alimaliza kazi miaka 37 kabla ya tarehe hiyo ya lazima.

Mashabiki walisikitika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini ndani ya masikitiko ya namna hii huwa kuna lawama iliyojificha: kipaji kama kile, kweli unakiacha? Nataka kulichukua swali hilo kwa uzito wake. Je, mtu mwenye kipaji ana deni kwetu? Na kazi iliyomchukua akiwa mtoto, yenyewe ina deni gani kwake?

Nasoma shahada ya uzamili, na sehemu kubwa ya tasnifu yangu nimeiandikia nyumbani, Sumbawanga, ambako baridi ya Juni humfanya mtu atafute sababu yoyote ya kukaa ndani. Karibu na kwetu kuna banda la gemu. Televisheni nne, PS nne, mabenchi, na watoto wanaolipa kwa mechi. Msimamizi wake ana miaka 26. Watoto wanamwita Mzee, na hawamtanii. Wanasema zamani hakuna aliyemfunga FIFA mji mzima, kwamba watu walikuwa wakija kutoka Laela na Namanyere kucheza naye kwa dau. Siku hizi hashiki pedi. Anapokea hela, anabadilisha foleni, anatuliza ugomvi.

Nilimuuliza kwa nini aliacha.

"Dada, siyo kwamba nimeacha," alisema. "Nilikuwa nacheza kwa raha. Baadaye ikawa nikishinda ndiyo nakula, nikifungwa silali. Sasa nikishika pedi, vidole vinacheza ila mimi sipo."

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu huu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, likieleza kuwa si ugonjwa bali ni hali itokanayo na kazi, yaani na msongo sugu wa kazini ambao haukupata ufumbuzi. Lilitaja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na uwezo kushuka. Yule kijana wa bandani alizitaja mbili za kwanza kwa sentensi moja bila kusoma orodha yoyote. Ninachokipenda katika maelezo ya shirika hilo ni kwamba yanaiweka hali hii mahali pake. Chanzo wanachokitaja ni kazi. Hawasemi ni ulegevu wa mtu.

Huku Ufipa, ambako kengele za kanisa zinapanga Jumapili ya watu wengi, lawama ya kuacha kipaji ina andiko lake. Ni mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo. Mtumwa aliyepewa talanta moja akaenda kuizika ardhini, na bwana wake aliporudi alimwita mbaya na mlegevu. Nimeusikia ukihubiriwa tangu nikiwa darasa la pili, na kila mara ujumbe ulikuwa ule ule: usizike ulichopewa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, anafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Anasema mtu anayeacha vipawa vyake vipate kutu kwa ajili ya starehe hawezi kutaka hilo liwe sheria ya watu wote, kwa sababu kiumbe mwenye akili anataka uwezo wake ukue.

Lakini tazama wanayemlaumu wote wawili. Mtumwa wa Mathayo hakuifanyia talanta kazi hata siku moja. Mtu wa Kant amechagua starehe. Uzi hayupo kati ya hao. Yeye aliifanyia talanta kazi mpaka damu yake ikabadilika. Anayetumia mfano huu kumlaumu mchezaji aliyechoka anamshtaki mtu mmoja kwa kosa la mwingine. Tena Kant anazungumzia vipawa, kwa wingi. Kijana anayecheza mchezo mmoja saa kumi na zaidi kwa siku kuanzia utotoni amekuza kipaji kimoja, na vingine vyote alivyozaliwa navyo ndivyo vilivyoachwa vipate kutu. Kwa kipimo cha Kant mwenyewe, siku anayostaafu huenda ndiyo siku anayoanza kutimiza wajibu.

Kuna jambo jingine ambalo mahubiri yale hayakuwahi kulitaja, ingawa nusu ya waumini walikuwa na udongo kwenye kucha. Mfipa huzika ili apate. Wazee wetu walilima kwa intumba. Mvua zikiwa bado zipo, nyasi zinakatwa na kufunikwa na udongo, matuta ya duara yanatapakaa uwanda mzima. Juu yake hupandwa maharage. Nyasi zinaoza humo ndani, na msimu unaofuata matuta yanatawanywa, ardhi iliyoshiba inapandwa ulezi. Shamba likichoka linaachwa lipumzike, na hakuna anayeliita shamba hilo vivu. Bibi yangu alikuwa akijua kwa kuangalia tu majani yaliyoota kwamba kipande fulani bado hakijarudisha nguvu. Ukimwambia akipande hivyo hivyo kwa kuwa mwaka juzi kilitoa vizuri, angekuona mtoto wa mjini.

Najua mtu si shamba. Shamba halina ndoto wala mkataba. Lakini ninachokichukua kwa bibi ni wazo dogo: kupumzika kulikuwa sehemu ya kilimo chenyewe, kumepangwa na mkulima. Hakukusubiri ardhi iombe ruhusa. Katika michezo ya kompyuta, pumziko limeachiwa mchezaji aliombe, na akiliomba linaonekana kama udhaifu.

Kwamba linaweza kupangwa, kuna ushahidi. Mei 2020, Lukas Rossander, nahodha wa timu ya Denmark ya Astralis katika Counter-Strike, alichukua likizo kwa sababu ya msongo na kuishiwa nguvu. Mwenzake Andreas Højsleth akafuata siku chache baadaye. Hawa hawakuwa wanaoshindwa. Timu yao ilikuwa imetwaa mataji makubwa ya dunia London 2018, kisha Katowice na Berlin 2019. Walipumzika, wakarudi. Timu nayo ikawa imesajili wachezaji zaidi ya watano wanaohitajika uwanjani, jambo ambalo katika mpira wa miguu ni la kawaida kiasi kwamba hatulitambui. Nani amewahi kushangaa Simba au Yanga kuwa na benchi? Mchezo huu ulizoea kuishi bila benchi, na ukayaita mazoea hayo maumbile.

Wapo watakaosema tatizo ni mwili tu: ubongo unapungua kasi, vijana wanapokea kijiti, ndivyo mashindano yalivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Canada walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft II wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Ni kweli waligundua kuwa kasi ya kuitikia inaanza kushuka mtu akiwa na miaka 24. Kilichosambaa mitandaoni ni namba hiyo. Kilichosahaulika ni nusu ya pili: wachezaji wakubwa walikuwa na njia za kufidia, wakirahisisha mbinu na kuutumia mchezo kwa akili zaidi ya vidole. Yaani kuna kitu mkongwe anakijua. Swali ni kama kazi yake ina mahali pa kukiweka.

Hapa Ufipa tulikuwa na kazi iliyokuwa na mahali hapo. Kabla ya majembe ya kuletwa, Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri refu liitwalo ilungu, lenye kimo kinachokaribia mita tatu au zaidi, lililojengwa kwa udongo wa kichuguu. Halikuhitaji mivukuto, lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa baadaye katika tanuri dogo lenye mivukuto. Kukata miti ya mkaa na kubeba mawe ya madini kulitaka misuli ya vijana. Kujua udongo upi, mawe yapi, moto umefika wapi, na miiko ipi ishikwe, kulitaka mtu aliyeona matanuri mengi. Mikono ya fundi mkuu ilipochoka, fundi mwenyewe aliendelea kuhitajika. Huyo alikuwa mkongwe mwenye kiti.

Sitaki kuipamba kazi ile kuliko ilivyokuwa. Nayo iliisha, na haikuisha kwa sababu wazee walichoka. Bidhaa za chuma za kiwandani ziliingia enzi za ukoloni, zikashusha bei, na moto ukazimwa. Magofu ya malungu bado yamesimama uwandani, baadhi yakiwa na nyufa ambamo nyuki wangeweza kukaa. Mwisho wa namna hiyo nao upo katika michezo ya kompyuta, tena kwa kasi. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Mchezo wa kompyuta una kampuni inayoumiliki. Desemba 2018 Blizzard ilitangaza kuwa ligi ya Heroes of the Storm haitarudi mwaka uliofuata, na wachezaji waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo wakajikuta ni mafundi wa tanuri lililozimwa. Mtu anayeambiwa akipe kipaji chake kila kitu ana haki ya kuuliza: na kipaji chenyewe kimesimama kwenye ardhi ya nani?

Najua jibu la haraka: walichagua wenyewe, tena wanalipwa. Wachache wanalipwa sana, kweli. Ila mtoto wa miaka 15 hachagui kazi kama anavyochagua mtu mzima. Anachagua kile anachokipenda, na watu wazima wanaomzunguka ndio wanaojua kwamba kupenda huko kutageuzwa ratiba. Yule kijana wa bandani hakuwa na mkataba wala kocha, na bado kitu kile kile kilimpata kwa kiwango cha mia tano mia tano. Kwa hiyo fedha peke yake hailifuti swali.

Wengine watanitajia Lee Sang-hyeok, Faker, Mkorea aliyetwaa ubingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2013 na bado akautwaa 2023, 2024 na 2025, wa mwisho akiwa na miaka 29. Ni mfano mzuri, lakini unathibitisha nini? Unathibitisha kuwa miaka 24 si ukuta. Mwaka 2023 mkono ulimsumbua, akakaa nje wiki kadhaa, timu ikamsubiri, kisha akawa bingwa. Mwaka huo huo medali ya dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou ilimwondolea utumishi wa lazima jeshini, ambao hukatisha safari za Wakorea wenzake wengi. Alikuwa na kipaji, na alikuwa na watu waliosubiri. Tunapomtumia kuwapiga waliochoka, tunasifia kipaji na kunyamazia subira.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako karibu hakuna mishahara ya kazi hii, tumepata kinga kwa bahati mbaya. Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow kwenye Tekken, aliposajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 alikuwa akisoma sheria. Tunazoea kuiita hali hiyo uhaba: hatuna ligi, watu wetu wanalazimika kusoma. Siku fedha zitakapofika, na zitafika, ningependa tuukumbuke uhaba huo kama kitu kilichotufundisha. Mchezaji mwenye jina la pili ana mahali pa kwenda siku la kwanza likichoka.

Basi deni liko wapi? Kwa maoni yangu, mwenye kipaji anadaiwa uaminifu kwa kazi aliyoahidi katika muda aliouahidi. Hadaiwi mwili wake. Kazi inayochukua watoto, yenyewe inadaiwa mambo matatu ya wazi: pumziko lililopangwa, benchi, na kiti cha mkongwe, awe kocha, mchambuzi au mwalimu, kabla hajalazimika kukitafuta gizani. Na sisi watazamaji tunadaiwa kidogo zaidi ya tunavyokiri. Uzi alirudi kucheza msimu wa 2022. Kabla ya hapo, kila alipoonekana mtandaoni akicheza tu, maoni yalijaa swali moja: unarudi lini?

Sijui mtu wa miaka 23 anayeulizwa hivyo kila siku analijibuje. Najua tu kwamba wale watoto wa Sumbawanga, wanaomwita Mzee kijana wa miaka 26, wameacha kumuuliza. Wanamwachia kiti chake karibu na mlango, na mechi ikiwa na ugomvi wanamwita aamue. Anasema goli lilikuwa halali, na wanakubali.