Walirudi kwa Yoshua

Maandiko: Hesabu 27:1–11, Hesabu 36, Yoshua 17:3–6, 2 Wafalme 8:1–6



Leo tufungue mahali ambapo wengi wetu huruka tukisoma Biblia. Kitabu cha Hesabu, sura ya 26, ni orodha ndefu ya majina. Wanaume wanahesabiwa ukoo kwa ukoo ili nchi ya ahadi igawanywe. Lakini katikati ya orodha hiyo ya wanaume, yametajwa majina matano ya wasichana: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alikuwa Selofehadi. Alikufa jangwani, hakuacha kijana wa kiume.

Sasa fikiria hali yao. Baba hayuko. Ndugu wa kiume hakuna. Nchi inagawanywa kwa majina ya wanaume. Kwa desturi, jambo lilikuwa limekwisha. Lakini wasichana hawa hawakukaa kwenye hema wakilia. Walitoka wote watano, wakasimama mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Wakauliza swali moja: kwa nini jina la baba yetu lifutwe kwa sababu alizaa wasichana?

Musa hakuwafukuza, wala hakuwaambia, "Mila zetu haziruhusu." Alipeleka kesi yao kwa Mungu. Na hukumu ya Mungu ilikuwa wazi: wasemayo hao mabinti ni kweli, wapewe urithi. Kisha akaifanya kuwa sheria kwa Israeli yote. Sema amina!

Lakini hadithi haikuishia hapo. Miaka ikapita, Musa akafa, Israeli wakavuka Yordani. Ukifika Yoshua 17, nchi inagawanywa, na mabinti wale wale wamesimama tena, sasa mbele ya Eleazari na Yoshua, wakikumbusha: Bwana alimwamuru Musa atupe urithi. Hapo ndipo walipopewa.

Umeona? Hukumu ilikuwa imetolewa zamani. Sheria ilikuwa imeandikwa. Lakini ilibidi warudi kuidai. Wapendwa, haki inaweza kuwa imetolewa na Mungu, imeandikwa hata na serikali, na bado mtu akaikosa kwa sababu hakurudi kwa Yoshua, au kwa sababu Yoshua wake alikataa kusikia. Tuliangalie jambo hili katika hatua nne za maisha ya mwanamke.

Kwanza, binti

Ndugu zetu Wakikuyu wanajua hadithi ya Gikuyu na Mumbi na mabinti wao. Koo zenyewe zimebeba majina ya wasichana: Anjiru wametoka kwa Wanjiru, Ambui kwa Wambui, Angari kwa Wangari, Airimu kwa Wairimu. Jina la binti liko kwenye ukoo, lakini nenda uangalie hati ya shamba. Jina lake haliko! Na sio Wakikuyu peke yao. Hapa Githurai 45 tumetoka kila pembe ya Kenya, na karibu kila kabila lina ule msemo: "Huyo ataolewa, atapata kwa bwana yake."

Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Baba akifa bila wosia, sheria hiyo inasema watoto wagawane sawa. Haisemi wavulana, inasema watoto. Mwaka 2005 kesi ya Rono dhidi ya Rono ilifika Mahakama ya Rufaa, Eldoret. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti sehemu ndogo kuliko ndugu zao, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wanaweza kuolewa. Mahakama ya Rufaa ikakataa hoja hiyo. Halafu Katiba ya 2010, Kifungu cha 60, ikasema ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, hata ule unaotokana na mila.

Lakini tuwe wakweli na Neno. Katika Hesabu 36, wazee wa ukoo walikuja na wasiwasi huo huo: wakiolewa kabila lingine, shamba litatutoka. Mungu alisikia wasiwasi wao. Akaagiza waolewe ndani ya kabila la baba yao. Urithi wao hakuufuta. Kwa hivyo mzee, kama una wasiwasi kuhusu shamba la ukoo, keti chini na watoto wako mtafute njia. Lakini usitumie ndoa ya binti yako kama sababu ya kumnyima.

Pili, mke

Tembea soko letu la Githurai uone nani anauza. Mama ameamka saa kumi usiku, akafika Marikiti, akarudi na sukuma na nyanya kabla watoto hawajaenda shule. Faida yake imelipa karo, imelipa kodi ya nyumba, na imeenda kwenye ploti ya Ruiru au ya Juja. Lakini ile ploti imeandikwa jina moja, na risiti ziko kwenye sanduku ambalo yeye hana funguo.

Hapa niongee kama mtu aliyesomea mambo ya biashara. Wanaume wawili wakianzisha kampuni, mmoja akaweka pesa na mwingine akaweka kazi, kisha jina la mmoja likaachwa nje ya makaratasi, tutasema huo ni wizi. Mbona nyumbani tunaita kawaida?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kwamba mchango sio pesa tu. Kupika, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, yote ni mchango. Tena katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Lakini Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba usawa katika ndoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Kwa hivyo mama, weka rekodi. Ujumbe wa M-Pesa, risiti ya mawe na saruji, kitabu cha chama, usitupe. Hiyo sio kukosa imani kwa mume wako. Hata Mungu ana kitabu cha kumbukumbu, soma Malaki 3:16.

Na wale wa njoo-tukae, mmeishi miaka kumi, mna watoto watatu, hakuna cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ya kimila. Siku mume akilala, watu watauliza, "Wewe ni nani hapa?" Njooni ofisini tuzungumze. Sio lazima harusi ya magari kumi na keki ya ghorofa.

Wanaume, someni 1 Petro 3:7. Petro anasema mke ni mrithi pamoja nawe wa neema ya uzima, na usipomheshimu maombi yako yatazuiliwa. Kuna ndugu amefunga siku ishirini na moja na mbingu ziko kimya. Pengine shida iko kwenye kabati la makaratasi.

Tatu, mama

Tuwakumbuke kina shosho zetu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati na jirani walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa. Wanaume wengi walikuwa vizuizini, wengine msituni, wengine wamekufa. Waliobaki kuchimba mahandaki kwa lazima na kutafutia watoto chakula walikuwa wanawake. Na wakati huo huo, chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba yaliunganishwa na kusajiliwa. Hati ikaandikwa jina la mwanamume kama mkuu wa nyumba. Mama alibeba nyumba yote mgongoni, lakini kalamu ilipofika, jina lake likarukwa.

Je, walikata tamaa? Hapana. Baada ya uhuru kina mama wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waliunda vikundi vya mabati. Walichanga pesa kidogo kidogo, leo wanaezeka nyumba ya huyu, kesho ya yule. Nyingi ya nyumba za mabati tulizokuta ushago zilianza hivyo.

Huo ndio moyo wa yule mama wa 2 Wafalme 4. Mumewe amekufa na deni, mdai amekuja kuchukua watoto wawe watumwa. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Mungu akazidisha, akauza, akalipa deni, akaishi na watoto kwa kilichobaki. Mungu hakumdharau kwa kuanza na kidogo. Mama, hata wewe una mali: kibanda, hisa za SACCO, simu yenye pesa. Nani anajua? Ukiondoka leo, watoto wako wataipata vipi?

Nne, mjane

Wazee kati yetu wanakumbuka kesi ya S.M. Otieno. Wakili huyo alikufa tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Siaya. Kenya nzima ilifuatilia, na mwili ukakaa mochari miezi mitano. Mwishowe mahakama ikaamua kwa mila ya ukoo, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mjane hakuhudhuria.

Sitaki kufufua ugomvi wa makabila. Jambo moja tu ninalotaka tuone: mumewe alikuwa wakili, mtu wa sheria na makaratasi, na bado mjane alijikuta anasimama kortini kueleza yeye ni nani kwa mtu aliyeishi naye miaka mingi. Kama ilikuwa hivyo kwa nyumba ya wakili, itakuwaje kwa mjane wa fundi, wa makanga, wa mchuuzi hapa stejini?

Katika 2 Wafalme 8, yule mama Mshunami amerudi baada ya miaka saba ya njaa. Mumewe hatajwi tena. Nyumba na shamba vina watu wengine. Akamlilia mfalme. Mfalme akamteua ofisa mmoja, na amri ikawa: mrudishieni vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Mungu wetu anajua kurudisha hata mavuno ya miaka iliyopita. Haleluya!

Na wale wanaofika baada ya mazishi kubeba viti, friji na funguo za nyumba ya kupangisha, wajue Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. Kabla ya hiyo sheria, Yesu alikuwa ameshawakemea watu wa dini wanaokula nyumba za wajane, wakijifunika kwa maombi marefu. Marko 12:40. Maneno hayo yalihusu watu wa dini, yaani watu kama sisi.

Tufanye nini wiki hii?

Mtu ataniambia, "Pasta, kuandika wosia ni kujiitia kifo." Soma Isaya 38. Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake, na baada ya maombi Mungu akamwongezea miaka 15. Wosia haujawahi kuua mtu.

1. Andika wosia. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na wasiwe watu unaowarithisha.
2. Angalia jina la mrithi uliloandika kwenye SACCO, chama, bima na pensheni. Wengine bado mmeandika mjomba tangu mkiwa hamjaoa.
3. Mume na mke, kaeni chini jioni moja. Onyeshaneni hati, risiti na madeni. Ndio, hata madeni!
4. Msiwe na ndoa bila cheti.

Na sisi kanisa? Mtu akifa tunajua kuchanga, kukodisha basi na kuimba mpaka kaburini. Jumatatu inayofuata mjane anaachwa peke yake na mashemeji. Boazi hakumwacha Ruthu hivyo. Alienda langoni, akakalisha wazee kumi, jambo likamalizwa mbele ya watu. Wazee wa kanisa, mjane akienda kwa chifu kutafuta barua, akienda kortini Ruiru au Thika, asiende peke yake. Tumsindikize. Tuwe Yoshua anayesikia.

Mwisho, mtazame Yesu msalabani. Misumari mikononi, anabeba dhambi za ulimwengu, na bado alimtazama mama yake akamkabidhi kwa Yohana. Yohana 19:26–27. Hakusema, "Nina kazi kubwa, mambo ya mama yatajipanga." Na kwa damu ile ile ametufanya sisi sote warithi, mwanamume na mwanamke, Wagalatia 3:28–29. Kama Baba wa mbinguni ameandika jina la binti yako kwenye urithi wake, wewe ni nani uliruke kwenye wako?

Tuombe: Bwana Yesu, Mtetezi wa wajane, wape mabinti zetu ujasiri wa kurudi na kuuliza. Wape wanaume wa kanisa hili moyo wa kuandika yaliyo haki wakiwa hai. Rudisha kilichochukuliwa. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini mabinti wa Selofehadi walilazimika kurudi mara ya pili?
2. Katika familia yenu, ni jina la nani halijaandikwa mahali linapostahili kuwa?
3. Ni mjane gani katika ushirika wenu mtamtembelea wiki hii, na mtamsaidia kwa jambo gani hasa?