Tamaa Si Maelezo ya Kila Jambo

Tangu dhahabu ya Kilo, huko Ituri nchini Kongo, ilipogunduliwa mwaka 1903, mji wa machimbo wa Mongbwalu umesikia mahubiri mengi juu ya tamaa, na si bila sababu: dhahabu hiyohiyo imeleta vita na ukahaba. Ndiyo maana, habari za watu wanaobadili jinsia zinapotajwa, hukumu huwa karibu mdomoni: wamezidiwa na tamaa ya mwili. Mtu anaweza kupinga matibabu ya kubadili jinsia kwa sababu za imani, na za maana. Lakini sababu ya tamaa inaweza kupimwa, na ikipimwa haisimami.

Aliyezaliwa mwanamume akitaka kuishi kama mwanamke, kwa kawaida hupewa estrojeni pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni. Testosteroni ikishuka, hamu ya tendo la ndoa hupungua, uume hausimami kama zamani, mbegu hupungua, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea moja kwa moja. Madaktari wa Ghent, Amsterdam na miji mingine ya Ulaya, waliofuatilia mamia ya watu na kutoa matokeo yao mwaka 2020, waliona hamu ikishuka katika miezi mitatu ya kwanza, kisha ikipanda tena kadiri miaka mitatu ilivyopita. Sasa, mzinifu gani huenda kwa daktari kuomba apunguziwe ashiki? Wazee wenye saratani ya tezi dume nao hushushiwa testosteroni, na wengi hupoteza nguvu za kiume; wanakubali kwa sababu wanatafuta uhai. Aliyeelezwa hasara hiyo na bado akaikubali, naye anatafuta kitu anachokiona kizito kuliko raha ya kitandani. Anaweza kuwa amekosea juu ya kitu hicho. Hilo ni swali jingine.

Mpinzani atauliza: na waliozaliwa wanawake wakapewa testosteroni? Kweli, hamu yao hupanda. Lakini katika utafiti huohuo, baada ya miaka mitatu ilikuwa imerudi karibu na pale ilipoanzia. Na kama testosteroni humpandishia mmoja hamu na kuizuia humshushia mwingine, na wote wawili wanasema wanatafuta jambo lilelile, basi hamu ni matokeo ya tiba. Chanzo cha kuitafuta tiba hiyo kiko kwingine.

Pingamizi la Kanisa ni zito zaidi. Hati ya Vatikani iliyotolewa tarehe 8 Aprili 2024, Dignitas Infinita, inafundisha kwamba mwili wenye jinsia yake ni zawadi ya kupokelewa, si mali ya kugeuzwa, ingawa haiwazuii waliozaliwa na kasoro za viungo vya uzazi kutibiwa kasoro hizo. Hiyo ni hoja ya uumbaji, na ijibiwe kwa hoja ya uumbaji. Lakini haihitaji kumwita mtu mwasherati. Maandiko yenyewe yanatuonya tusipime utu kwa viungo: katika Isaya 56 matowashi wanaahidiwa nafasi katika nyumba ya Mungu, na katika Matendo 8 towashi Mwethiopia anabatizwa njiani bila kuulizwa habari za mwili wake. Sisemi kwamba Isaya alizungumzia homoni.

Pingamizi ninalolikubali ni la watoto. Asiyeijua bado hamu ya mtu mzima hawezi kupima atakachopoteza, na Uingereza ilifanya vema Machi 2024 ilipoacha kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe kama tiba ya kawaida. Kwa mtu mzima, daktari ana wajibu wa kusema yote, hata yale yanayotutia haya.

Basi mhubiri wa Mongbwalu anayepinga na apinge kwa jina la Muumba, akipenda. Shtaka la tamaa alifute: halina ushahidi, na kumsingizia jirani ni dhambi iliyotajwa waziwazi katika amri kumi.