Bido ya Pili Kwenye Foleni

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, nikingoja saa tisa alasiri. Kule Marekani, chuoni kwetu, hiyo ni saa mbili asubuhi, na saa mbili ndipo mfumo wa usajili ulipofunguliwa kwa wale waliotaka kurekebisha ratiba. Nilikuwa na simu ya mama mkononi, kwa sababu yangu haikuwa na intaneti, na karatasi yenye namba za kozi mbili. Zote mbili zilikuwa kemia ogania ya kwanza.

Wenzangu wa darasa hili la Kiswahili ambao hawaelekei tiba huenda wasijue kwa nini kozi moja inamnyima mtu usingizi miezi miwili kabla haijaanza. Nitaeleza kwa ufupi. Rwanda, mwanafunzi aliyemaliza sekondari akiwa na alama nzuri za kemia na biolojia anaweza kuingia moja kwa moja kusomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Marekani kwanza unasoma shahada nyingine, kwa kawaida miaka minne, na ndani yake unapanga mwenyewe kozi ambazo vyuo vya meno vinazidai. Kemia ogania ina sehemu mbili na chuoni kwetu ya kwanza hufundishwa msimu wa vuli tu. Bila ya kwanza hupati ya pili, bila ya pili hupati biokemia. Halafu kuna mtihani wa DAT, ambao sehemu yake ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90, na 30 kati ya hayo ni ya kemia ogania. Ukikosa kiti cha vuli katika mwaka wa pili, mnyororo wote unasogea, na mara nyingi unasogea kwa mwaka mzima.

Chuo kinatoa kozi hiyo kwa namna mbili, kwa namba mbili tofauti: moja kwa wanaosomea kemia yenyewe, maabara yake Alhamisi, nyingine kwa wanaoelekea tiba, maabara yake Jumanne. Kwa kuwa namba ni tofauti, mfumo haujui kwamba ni kitu kilekile. Mtu anaweza kujiandikisha kote kuwili mradi asizidi krediti 18. Nilihesabu: nikichukua zote mbili, pamoja na Kiswahili, takwimu na kozi moja ya historia, nafika 18 kamili. Nikabonyeza. Viti viwili.

Nilikuwa na sababu, na sikubali kwamba ilikuwa ya uongo. Nafanya kazi katika bwalo la chuo. Viza yangu hainiruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na hata ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Vilevile hainiruhusu kushuka chini ya krediti 12. Bwalo lilikuwa bado halijatoa zamu. Kama wangenipa Jumanne, maabara ya Jumanne ingekufa. Kama wangenipa Alhamisi, ile nyingine. Mwanafunzi aliyezaliwa kulekule akikosa kozi anapata usumbufu. Mimi nikikosa kozi naanza kuhesabu krediti, na baada ya krediti nahesabu siku.

Jioni ile nilimweleza mama, kwa sababu aliniona nimefurahi. Hakuelewa habari za krediti, nikatafuta mfano. Nikamwambia ni kama foleni ya maji. Maji yakikatika kwetu (na ajabu ya Gisenyi ni kwamba unakosa maji huku unaliona ziwa Kivu mbele yako) watu hupanga bido zao bombani tangu alfajiri. Bido ni dumu la maji. Mwenyewe anaweza kwenda kufagia, kupika uji, hata kuvuka mpaka kwenda Goma na kurudi. Bido inamshikia nafasi. Nikamwambia mama, mimi nimeweka bido mbili katika foleni mbili, ili nichote itakayotoka maji kwanza.

Mama akaendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza, “Na ile bido ya pili itakuwa imekaa mahali pa nani?”

Nikacheka, nikasema, “Mama, huko hakuna watu wanaosimama, ni kompyuta tu.”

Zamu zilitoka katikati ya mwezi wa nane: Jumatatu na Jumatano usiku. Hazikugusa maabara yoyote. Siku hiyo sababu yangu ilikwisha. Hapo ndipo ninapotaka msomaji anisimamishe, kwa maana niliendelea kushika viti vyote viwili kwa siku kumi na saba zaidi. Niliambiwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba ni busara kuhudhuria kwa walimu wote wawili wiki ya kwanza, uone yupi anatunga mtihani mwepesi, kisha uache mmoja. Wote hufanya hivyo, walisema.

Sasa, katika darasa letu hili, aliyekaa karibu nami anaelekea meno pia. Siku ya kwanza aliniambia yuko wa nne katika orodha ya kungojea kozi ya Jumanne. Ile ya Alhamisi asingeweza, kwa kuwa jioni hiyo humlea mdogo wake. Jumatano akawa wa pili. Ijumaa asubuhi, kabla mwalimu hajaingia, alinionyesha simu yake: wa kwanza. Dirisha la kuongeza kozi lilikuwa linafungwa saa kumi na moja jioni ile. Nikamwambia, “Ngoja tu, nafasi hutokea.”

Nilisema hivyo huku nafasi hiyo ninayo mfukoni.

Sikukusudia kumdhuru. Nilijiambia nitaamua baada ya kumsikiliza mwalimu wa pili saa nane. Saa nane nikamsikiliza, nikampenda, nikajiambia nitaiacha ya Jumanne jioni. Kisha nikapitiwa na mambo madogo, kufua, kula, na saa kumi na moja ikapita. Niliiacha Jumatatu, maana kuacha kozi kuna muda mrefu kuliko kuongeza. Kiti kikabaki kitupu. Hakikumfikia yeye wala mtu mwingine, muhula mzima.

Je, nilikosa? Nilianza kwa kujitetea kwa kanuni: sikuvunja hata moja. Lakini kanuni za usajili zimeandikwa ili mfumo usikwame, hazikuandikwa kuniambia nimwangalieje jirani yangu. Utetezi wa pili ni kwamba wote hufanya. Hapa Kant anatosha: kila mtu akishika viti viwili, viti vya pili havipo, na mpango wangu unawezekana tu kwa sababu wengine wengi wanashika kimoja. Nakubali, ila naona kipimo hicho kinakata pana mno. Kingenihukumu hata mwezi wa saba, nilipokuwa kweli sijui zamu zangu, na sidhani nilikosa mwezi wa saba.

Kilichonisaidia zaidi ni Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana. Katika kitabu chake cha 1996 kuhusu mambo yanayowahusu wanadamu wote na yale ya tamaduni moja moja, anaweka msingi wa maadili katika kujitia kwa huruma mahali pa mwenzako bila kujipendelea. Nimejaribu kukaa mahali pa mwenzangu. Nikiwa yeye, nikaambiwa kwamba mgeni fulani ameshika kiti hadi ajue zamu zake, la sivyo atapata matatizo ya viza, nadhani ningekubali kungoja. Ningenung'unika, lakini ningekubali. Nikiambiwa amekishika ili apime mtihani wa nani ni mwepesi, nisingekubali kabisa. Kwa hiyo kosa langu lina tarehe. Halikuanza nilipobonyeza, lilianza siku zamu zilipotoka.

Mtu ataniuliza kama kutomwona anayengoja kunapunguza lawama. Bombani unawaona watu usoni. Kwenye simu niliona maneno tu, “wanaongoja: 6”. Naona kunapunguza kidogo, mwezi wa saba. Ijumaa ile hakukupunguza kitu, maana yule wa kwanza alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu.

Linalonisumbua ni jingine, na linahusu kwa nini naitaka kazi hii. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimsindikiza nyanya yangu (kwetu ukisema “bibi” watu hudhani unamtaja mke) kung'oa jino lenye jipu. Tulifika kabla ya mapambazuko, tukakuta watu. Alipoingia, sindano ya ganzi haikushika. Akachomwa tena, bado. Alishika mkono wangu mpaka ukafa ganzi wangu. Miaka mingi niliamini dawa ilikuwa mbovu. Katika kemia ogania ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa lazima iwe mbovu. Dawa kama lidokeini ni besi dhaifu. Ili ipenye utando wa mshipa wa fahamu, sehemu yake lazima iwe haina chaji. Palipo na jipu pana asidi nyingi, asidi inaipa dawa ioni ya hidrojeni, na dawa iliyobeba chaji inabaki nje ya mshipa huku mgonjwa akilia. Nilipochora mchoro ule daftarini nilimwona nyanya.

Somo hilo nililipata kwenye meza ya maabara. Mwenzangu alilikosa mwaka ule. Na mimi niliyesimama foleni ya meno gizani, nikiwa mtoto, nilikuwa nimejifunza kuwa mtu wa foleni ya namna nyingine.

Nilimwambia mwezi wa pili. Ilinichukua miezi mitano, na sina utetezi wa miezi hiyo. Tulikuwa tunasubiri kufanya mtihani wa kusikiliza. Nilimweleza kwa Kiswahili, labda kwa sababu Kiingereza kilikuwa na maneno mengi mno ya kujifichia. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ni kiti cha meza ya dirishani, kwa maana rafiki yake aliyekuwa katika kozi ile alimwambia dirishani pana kiti kitupu. Nikasema sijui, sikuwahi kufika maabara ya Jumanne. Akasema, “Basi.” Ndilo neno pekee alilolitumia, na mpaka leo sijajua ni “basi” ipi.

Vuli hii anaisoma. Mtihani wa DAT ameusogeza mwaka mmoja. Aliniomba madaftari yangu ya ogania, nikampa yote, na ukurasa wa lidokeini umo. Wiki ijayo usajili unafunguliwa: mimi Jumanne, yeye Alhamisi, kwa kuwa nina krediti nyingi kuliko yeye. Biokemia ina makundi mawili. Nimeandika namba moja kwenye karatasi.