Waliimba Kabla Mlango Haujafunguka

Bonasi ya majani chai ilipotoka ikiwa kidogo, mimi mchungaji wenu nilinyamaza. Karo ilinishinda. Jumapili nilisimama kwenye sifa nikisogeza midomo tu.

Kisha nikasoma Matendo 16:25. Paulo na Sila wamepigwa, miguu iko kwenye mkatale, ni usiku wa manane, na bado wanaimba. Neno la Kigiriki pale ni *humneo*, kuimba sifa. Ndilo lililoko Mathayo 26:30: Yesu aliimba na wanafunzi, halafu akatoka kwenda Mlima wa Mizeituni, akijua msalaba unamngoja.

Askari wa Wagiriki wa kale nao waliimba wakiingia vitani, sio baada ya kushinda tu.

Na kule gerezani, wafungwa wengine walikuwa wanasikiliza. Hapo ndipo niliguswa. Nikinyamaza, nani atasikia?

Ndugu yangu wa Ndanai, karo bado sijamaliza. Lakini jana asubuhi nikichuma majani niliimba kwa sauti, na mama jirani akaitikia kutoka shambani kwake. Usingoje bonasi. Imba sasa! Amina.